Kriminolojia ya Dodoma, ya Kenya au ya mtandaoni: jibu kwa fundi wa Chang'ombe

*Mimi ni fundi seremala, nina karakana ndogo Chang'ombe hapa Dodoma. Namlea binti wa marehemu dada yangu. Baba yake alitangulia binti akiwa bado mdogo. Mwaka huu kamaliza kidato cha sita, mchepuo wa HGL, daraja la pili pointi 10: Historia C, Jiografia D, Kiingereza C. Anataka kriminolojia, anasema atakuwa mpelelezi. Mezani tuna mambo matatu. La kwanza ni sosholojia katika chuo kikuu cha serikali hapahapa Dodoma, miaka mitatu, ada haifiki milioni moja na nusu kwa mwaka. La pili, chuo kimoja cha Kenya kimempa barua ya kriminolojia, miaka minne, shilingi za Kenya 120,000 kwa mwaka. La tatu kaliona kwenye simu: chuo cha Marekani, unasoma ukiwa nyumbani, unamaliza kwa miezi 18, dola 330 tu, na wameandika kwamba wahitimu wao wanalipwa zaidi ya dola 60,000 kwa mwaka. Wakala anatuambia shahada ya miaka minne ina uzito kuliko ya mitatu, na ya Marekani inazipita zote. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu nauogopa, nasikia unakula mshahara wa mtu mpaka uzeeni. Nina kiwanja Mkonze, nimefikiwa bei ya milioni 18. Niuze nimpeleke wapi? Sitaki kutupa pesa, na sitaki kumnyima mtoto bahati yake kwa uoga wangu. Halafu binti ni mfupi kidogo, futi tano na inchi mbili, sijui kama hilo nalo lina maneno.*

Fundi, hongera kwa malezi, na pole kwa mzigo. Hilo la urefu uliloliweka mwishoni ndilo nitakaloanza nalo, maana lina maneno kuliko hata ada. Matangazo ya ajira ya Jeshi la Polisi ya miaka ya karibuni yamekuwa yakitaka mwanamke asiwe chini ya futi tano na inchi nne, na mwanamume asiwe chini ya futi tano na inchi nane. Yanataja pia ukomo wa umri, kuwa mwombaji hajaoa wala kuolewa, hana mtoto, hana michoro mwilini, na yuko tayari kwenda mafunzo ya awali Moshi. Hakuna mstari unaosema mwenye shahada ya kriminolojia asamehewe inchi mbili. Tena mwenye shahada naye anapita depo kama wenzake. Upelelezi ni idara ambayo askari hupangiwa akiwa tayari ni askari. Hakuna chuo kikuu, cha Njoro kule Kenya wala cha Chicago, kinachomtoa mtu darasani na kumkabidhi jalada la kesi.

Kwa hiyo kama sababu pekee ya kuuza kiwanja ni awe mpelelezi mwenye sare, kaeni na tangazo la mwisho la Polisi mlisome mstari kwa mstari, yeye akiwa ndiye msomaji. Usimtupie usoni. Mtoto aliyelelewa na mjomba ana masikio mepesi. Ukimwambia "wewe mfupi" atasikia "wewe mzigo". Tangazo litasema lenyewe. Masharti hubadilika kati ya tangazo na tangazo, na vyombo vingine vina masharti yao, lakini si busara kununua shahada ya milioni ishirini huku ukiomba futikamba ibadilike.

Sasa kriminolojia yenyewe. Watu wengi huiita elimu ya upelelezi, na hapo ndipo wanafunzi wangu kadhaa wamejikwaa wakiwa mwaka wa pili, wakati ada imeshakwenda. Nikupe mfano wa stendi yetu ya Nanenane saa kumi na moja alfajiri. Msafiri kasinzia kwenye benchi, simu iko mfuko wa shati, taa moja imeungua, mlinzi kaenda kunywa chai. Simu inaondoka. Mpelelezi atauliza nani kaichukua. Mtaalamu wa sayansi jinai, yule wa alama za vidole, vinasaba na kumbukumbu za simu, atauliza ni ushahidi gani utakaothibitisha hilo. Mwanasheria atauliza ni kosa gani chini ya kifungu gani. Mkriminolojia atauliza swali jingine kabisa: kwa nini simu zinaibwa hapa na saa hii, si pale saa nane mchana? Mwaka 1979 Wamarekani wawili, Lawrence Cohen na Marcus Felson, walilijibu kwa namna ambayo bado tunaifundisha: uhalifu wa namna hii hutokea pale vitu vitatu vinapokutana, mtu mwenye nia, kitu cha kuvutia, na kukosekana kwa mlinzi. Ondoa kimoja, rekebisha ile taa au badilisha saa ya chai ya mlinzi, na wizi unapungua bila kumkamata mtu hata mmoja.

Hiyo ndiyo kriminolojia. Ni tawi la sayansi za jamii. Inajaa takwimu, mahojiano, nadharia na ripoti ndefu. Ni elimu nzuri mno, nimekula mkate wake, lakini binti anayetaka kushika glavu na kukusanya nyuzi za nywele chini ya kitanda ataichoka mapema. Huyo angehitaji kemia na baiolojia, na HGL haimpeleki huko. Hata shahada ya usalama wa mitandao na uchunguzi wa kidijitali inayofundishwa hapa Chuo Kikuu cha Dodoma ni ya uhandisi, inataka msingi wa hisabati na sayansi. Nimeitaja kwa sababu najua mtu atawaambia "kuna kozi ya upelelezi pale UDOM", mkapoteza wiki nzima mkiifuata.

Twende kwenye pesa, na tuanze na hizo dola 330.

Nilipozisoma kwenye barua yako nilisimamisha kusoma. Ukizibadilisha kwa kadirio la shilingi 2,500 kwa dola ni laki nane na elfu ishirini na tano, na nadhani ndivyo ulivyopiga hesabu, ukaona Marekani ni rahisi kuliko Dodoma. Rudi kwenye tangazo hilo, tafuta maneno madogo karibu na ile namba. Vyuo vya Marekani hutoza kwa krediti, yaani kipande cha somo, na bei inayotangazwa kwa kawaida ni ya krediti moja. Shahada ya kwanza kule huwa na krediti 120 hivi. Mara 330, hizo ni dola 39,600. Kwa kadirio lilelile ni shilingi milioni 99. Kiwanja chako hakifiki hata robo yake. Ni kama mtu akuulize bei ya kabati, umtajie bei ya futi moja ya mbao, naye aondoke akifurahi.

Miezi 18 nayo ina siri yake. Shahada ya Marekani ni ya miaka minne. Anayeimaliza kwa mwaka na nusu ni yule anayeingia na krediti alizokwisha zipata mahali pengine, mara nyingi nusu ya shahada nzima, au mafunzo ya jeshi au ya polisi yaliyokubaliwa kuhesabiwa. Binti yako anaanzia sifuri. Kwake miezi 18 haipo.

Na zile dola 60,000? Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hili ni kosa ambalo hata wasomi hulifanya wanapolinganisha vyuo. Wastani wa mishahara ya wahitimu haukuambii chuo kimewafanyia nini. Unakuambia waliosoma ni akina nani na wanaishi wapi. Programu za kriminolojia za mtandaoni kule Marekani hujaza watu ambao tayari ni askari, walinzi wa magereza au maofisa wa mahakama, wanaotafuta cheti ili wapandishwe cheo. Askari wa miaka kumi kazini akimaliza shahada, mshahara wake mkubwa unahesabiwa kuwa matokeo ya chuo, wakati alikuwa nao kabla hajajisajili. Serikali ya Marekani ina tovuti ya umma inayoonyesha gharama na mapato ya wahitimu kwa kila chuo na fani, College Scorecard, na ni kitu cha kuonewa wivu. Lakini hata yenyewe inahesabu mapato ya wanafunzi waliopata msaada wa fedha wa serikali yao tu. Mtanzania anayesoma akiwa Chang'ombe hayumo kwenye ile namba, wala hawezi kufikia kazi zinazoizalisha. FBI, kwa mfano, inataka raia wa Marekani, na haidai shahada ya kriminolojia. Shahada yoyote ya kwanza pamoja na uzoefu wa kazi inatosha kuomba.

Basi nikiulizwa, hilo la tatu liondoeni mezani. Siyo kwamba kusoma mtandaoni ni uongo. Mtu mwenye kazi yake, anayelipiwa na mwajiri, katika chuo ambacho ithibati yake ameihakiki kwenye orodha ya Wizara ya Elimu ya Marekani, na ambaye ameshaiuliza Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, kama tuzo hiyo itatambuliwa hapa, anaweza kunufaika. Binti yako hana hata moja kati ya hayo.

Kenya ni habari nyingine, na hapa sitaki kumpuuza wakala moja kwa moja. Wakenya wametutangulia katika fani hii. Egerton na vyuo vingine kadhaa vina shahada inayobeba jina la kriminolojia waziwazi, wakati kwetu mara nyingi unaipata ikiwa imejificha ndani ya sosholojia, sheria au ustawi wa jamii. Binti angesoma nadharia za uhalifu, magereza, wahanga wa uhalifu na usalama kwa miaka yote, si kwa somo moja au mawili. Kiingereza chake kingenyooka, na angefahamiana na watu wa Nairobi, ambako mashirika ya kimataifa na makampuni ya ulinzi yamejaa.

Ila hilo la "miaka minne ina uzito kuliko mitatu" ni maneno ya sokoni. Mfumo wa Kenya wa 8-4-4 ulimtoa mwanafunzi kidato cha nne na kumpeleka chuo moja kwa moja, ndiyo maana shahada ikawa miaka minne. Sisi tumempitisha kidato cha tano na cha sita kwanza, kisha tukampa mitatu. Mwaka ule wa nne binti yako ameshausoma, tena miwili. Kwa mwajiri wa Tanzania zote ni shahada ya kwanza, na serikalini zinaingia ngazi ileile ya mshahara wa kuanzia.

Sasa tupige hesabu ya kila kitu, si ada tu. Hapa Dodoma tuweke ada milioni 1.2, ili tusijipunje. Chakula na malazi kwa kiwango cha Bodi cha shilingi 10,000 kwa siku, tuseme siku 240 za masomo, ni milioni 2.4. Bima, michango ya chuo, vitabu, kuchapisha kazi, nauli na fildi, tuweke laki nne. Hiyo ni milioni nne kwa mwaka, 12 kwa mitatu. Akilala kwako na kupanda daladala itashuka sana, ingawa nakushauri usimbane. Kutoka Chang'ombe hadi UDOM kila alfajiri ni mbali, na mwanafunzi anayewahi kurudi nyumbani hukosa vikundi vya kujisomea usiku.

Kenya, ada 120,000 kwa shilingi 20 zetu kwa moja yao ni milioni 2.4. Ona, ada ni mara mbili, siyo janga. Janga liko kwenye maisha. Tukisema atumie shilingi zao 15,000 kwa mwezi kwa miezi tisa, hiyo ni milioni 2.7. Nauli ya kwenda na kurudi, kibali cha mwanafunzi, bima na dharura, laki sita. Jumla milioni 5.7 kwa mwaka, na kwa miaka minne ni milioni 22.8. Ongeza kwamba mwaka wa nne wenzake wa Dodoma wako mtaani wakitafuta kazi. Kama angepata ya shilingi laki saba kwa mwezi, huo mwaka mmoja una thamani ya milioni 8.4 asizoziingiza. Hizi ni tarakimu nilizokadiria kwa kile ulichoniandikia. Chukua karatasi, weka za kwenye barua zako, na dai kila chuo kikupe mchanganuo wa ada wa miaka yote, si wa mwaka wa kwanza tu. Wa mwaka wa kwanza huwa mtamu.

Umeona kilichotokea, fundi? Ukiuza kiwanja kwa milioni 18, Kenya inakula yote na bado inadai karibu milioni tano, na itazidai akiwa mwaka wa nne. Gharama mbaya kuliko zote katika elimu ya juu ni kuishia njiani. Mtu mwenye robo tatu ya shahada hana cheti cha kuambatanisha popote. Kwenye maombi ya kazi anahesabiwa kidato cha sita, na pesa zimekwenda. Kwa hiyo unapolinganisha vyuo, jiulize kwanza ni kipi mtamaliza kukilipa mvua isiponyesha.

Tukigeukia matokeo, hapa kwetu yana kitasa chake, na watu wachache hukuelezea. Ajira nyingi za serikali hupita Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, kwenye Ajira Portal. Tangazo lake halitungwi kwa hisia. Kila kada ina muundo wake wa utumishi, na muundo unataja fani zinazokubalika kwa majina. Chukua Afisa Maendeleo ya Jamii Daraja la II: utakuta maendeleo ya jamii, elimu ya jamii, ambayo ndiyo sosholojia, masomo ya maendeleo, na fani jirani kama hizo. Jina la kriminolojia utalitafuta kwa tochi. Mchujo wa kwanza unatazama jina la shahada na mahali ilipotoka, kabla mtu hajauliza unajua nini. Ndiyo maana nasema sosholojia, yenye jina la kawaida kama ugali, inafungua milango mingi ya hapa kuliko kriminolojia yenye jina la kupendeza. Si haki, lakini ndivyo kitasa kilivyo.

Kijana mmoja aliwahi kuja ofisini kwangu na bahasha ya kaki. Ndani mna shahada ya nje, imeandikwa kwa maandishi ya dhahabu, na tangazo la kazi linalofungwa Ijumaa. Ilikuwa Jumatano. Tangazo linasema waliosoma nje wahakikishe vyeti vyao vimetambuliwa na TCU, na kwamba matokeo ya muda hayapokelewi. Alikuwa hajawahi kusikia habari ya kutambuliwa cheti. Tulikaa tukitazamana. Cheti chake kilikuja kutambuliwa baadaye, na kazi nyingine aliipata, lakini ile Ijumaa ilimpita. Kama mtachagua Kenya, kabla ya kuondoka aombe TCU barua ya kutokuwa na pingamizi, na akirudi jambo la kwanza liwe utambuzi wa cheti, kabla ya sherehe.

Usinielewe kwamba sosholojia ni njia ya mkato. Madarasa yamejaa, kila mwaka wanahitimu wengi, na nafasi moja hugombewa na umati. Aliyesoma kwa kukariri vitini anatoka na cheti kilekile walicho nacho maelfu. Kinachomtofautisha mtu ni anavyoigeuza sosholojia yake kuwa ya uhalifu akiwa bado ndani. Na kwa hilo hakuna mji Tanzania unaomfaa kuliko huu. Makao makuu ya Polisi, Magereza kule Msalato, TAKUKURU na Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, vyote viko kwetu. Gereza la Isanga liko mjini. Wizara ya Mambo ya Ndani ina Idara ya Huduma za Uangalizi, ambao ndio wanaowasimamia wahalifu wanaotumikia vifungo vya nje kwa kufanya kazi za jamii, na mimi naiona ndiyo kriminolojia ya vitendo iliyo tupu kabisa nchini: ofisa anamhoji mhalifu, anatembelea familia yake, anaiandikia mahakama taarifa kama huyu anafaa kurudi mtaani. Hakuna anayekupima urefu kwa kazi ya kiraia kama hiyo. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, ambako binti anaweza kuomba fildi. Mahakama ya mwanzo iko wazi kwa umma; akikaa kwenye benchi la nyuma asubuhi tatu kwa mwezi atajifunza mambo ambayo sina uwezo wa kuyaweka kwenye ubao.

Mwaka wa tatu ataandika utafiti. Aandike juu ya uhalifu: matapeli wa "tuma kwa namba hii", wizi wa mifugo Kiteto, vijana wanaorudi mtaani kutoka gerezani. Huo utafiti, ukiwa mzuri, ndio atakaoushika mkononi kwenye usaili. Kriminolojia yenyewe anaweza kuichukua kwenye shahada ya uzamili, ambayo ni fupi, na pengine akiwa tayari na mshahara au mfadhili. Hapo hata Kenya inakuwa na maana yake kamili.

Kuna wa kumshauri sheria, na pointi zake zinaweza kumruhusu. Kiwango cha chini cha TCU ni ufaulu wa masomo mawili yenye jumla ya pointi 4.0, naye kwa C mbili ana sita, ingawa kila programu inaweza kutaka zaidi. Sheria inaheshimika katika vyombo vyote vya jinai. Ila ni ndefu zaidi, na anayetaka uwakili anapita Shule ya Sheria ambako mwaka 2022 nchi ilishtuka kusikia waliofaulu moja kwa moja ni 26 kati ya 633. Asiingie huko kwa sababu tu kriminolojia imekataa.

Mkopo sasa. Hofu yako naielewa, ilikuwa na mashiko zamani. Mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kilichokuwa kikifanya deni lisimalizike ni tozo ya kulinda thamani ya asilimia 6 kila mwaka, na hiyo ilifutwa mwaka 2021. Tuseme binti amekopeshwa milioni tisa kwa miaka mitatu na akaajiriwa kwa mshahara wa msingi wa laki saba. Atakatwa 105,000 kwa mwezi, na miaka saba na miezi miwili baadaye deni limekwisha. Atakuwa na miaka thelathini na kitu kidogo, mbali kabisa na uzee. Asilimia 15 inauma, sikatai, hasa mwaka wa kwanza wa kazi ambapo kila ndugu anajua una mshahara. Lakini haiumi kama kiwanja kilichouzwa.

Tena mtoto huyu ni yatima wa pande zote mbili. Yatima ni miongoni mwa wanaopewa kipaumbele na Bodi, na kinachowaangusha wengi ni karatasi, siyo vigezo. Mkopo huo humfuata katika chuo cha ndani chenye ithibati. Aliyejitafutia chuo nje kwa wakala kwa kawaida hategemei bumu la Bodi. Hapo tofauti ya milioni 12 na milioni 22.8 inakuwa kubwa zaidi, kwa sababu ya kwanza sehemu yake nzuri inaweza kubebwa na Bodi, na ya pili inabebwa na mgongo wako peke yake. Ufadhili wa Samia usiwasumbue, ule ni wa waliofanya vizuri kwenye michepuo ya sayansi.

Kiwanja basi usikiuze. Kama Bodi itampa asilimia ndogo, utaziba pengo kwa kazi za karakana na, ikilazimu, kwa kukipangisha kwa mtu wa kupanda mahindi au kufyatua tofali, maana Mkonze ya miaka minne ijayo haitakuwa na bei ya leo. Kuna hali moja ningekuambia Kenya iendelee: mtu mwingine alipe. Mfadhili akijitokeza na barua inayosema miaka yote minne, ada na maisha, mpeleke na umsindikize hadi stendi.

Haya mengine yanahitaji miguu, si kuandikiana. Nenda na binti ofisi ya udahili ya chuo, waulize mambo mawili: mwaka jana walioanza sosholojia walikuwa wangapi na waliohitimu kwenye kundi lao wangapi, na kama wamewahi kuwafuatilia wahitimu wao wako wapi. Wakikujibu kwa ukali, hilo nalo ni jibu. Ofisi ya Bodi ya Mikopo ya kanda ipo hapahapa Dodoma. Mchukue aulize mwenyewe, ada ya maombi ni shilingi 30,000 na dirisha hufungwa mapema kuliko watu wanavyodhani. Wakala akikutaka utume pesa kwa namba yake ya simu ili "kushikilia nafasi", kata simu. Vyuo vya serikali hulipwa kwa kontroli namba, na cha Kenya kilipwe kwenye akaunti ya chuo mliyoithibitisha wenyewe kwa kuwapigia. Na binti akianza kukosa usingizi au kujifungia ndani kwa ajili ya haya, mpeleke kwa afisa ustawi wa jamii au mshauri wa wanafunzi, kwa sababu msiba wa mama huwa unarudi wakati kama huu, mtoto anapotaka kumwonyesha mtu matokeo.

Kabla ya chuo chochote, lakini, fungua lile sanduku la karatasi nyumbani. Bodi inataka vyeti vya vifo vya wazazi wote wawili vilivyohakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Familia nyingi zina kibali cha mazishi kilichotolewa hospitali na zinadhani ndicho cheti. Kama ya dada yako au ya shemeji ni ya namna hiyo, Jumatatu asubuhi funga karakana uende ofisi ya mkuu wa wilaya, dawati la RITA, na uende na kitambulisho chako.